Fournier Street: Mtaa Uliojengwa kwa Kufuata Mwanga

Ukipita Fournier Street, mashariki mwa London, tazama juu kabisa ya nyumba. Juu ya ghorofa za matofali kuna vyumba vya darini vyenye madirisha mapana mno, karibu sawa na upana wa nyumba. Madirisha hayo ndiyo yanayoeleza mtaa huu ulikuwa wa nani.

Mwaka 1685, Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta amri iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu. Maelfu yao, Wahuguenot, walikimbilia Uingereza, na wafumaji wa hariri wengi wakahamia Spitalfields, eneo lenye mtaa huu. Nyumba nyingi za Fournier Street zilijengwa katika miaka ya 1720. Zimeshikana ukuta kwa ukuta, hivyo mwanga huingia kwa mbele na nyuma tu. Vyumba vya chini, vyenye kuta zilizofunikwa mbao, vilikuwa vya kupokea wateja na kuishi. Vitanda vya mfumi viliwekwa darini, kwa sababu fundi wa hariri ya maua lazima aone kila uzi, na jua la London ni la kubahatisha.

Biashara hiyo ilidhoofika karne ya 19, hasa baada ya ushuru wa hariri ya Ufaransa kuondolewa mwaka 1860. Hata hivyo kazi ya nguo haikuhama. Wayahudi kutoka himaya ya Urusi walikuja na ushonaji, kisha Wabengali wakaushika. Kwenye kona ya mtaa huu na Brick Lane, jengo moja linabeba historia yote hiyo. Ukutani mwake kuna saa ya jua yenye mwaka 1743, lilipojengwa kuwa kanisa la Wahuguenot. Baadaye likawa la Wamethodisti, likageuzwa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti.

Kufikia miaka ya 1970 nyumba nyingi za Spitalfields zilikuwa zimechakaa na kusubiri kubomolewa. Wapenzi wa majengo ya kale waliingia na kukaa ndani ya baadhi yake ili tingatinga lisipite. Tunawashukuru. Lakini leo nyumba hizi ni za matajiri, na mgeni mwenye cherehani hawezi kupanga hata chumba. Kuhifadhi matofali pekee hakutoshi: anayeusifu mtaa huu kwa uzuri wake awataje pia wakimbizi walioupa umbo lake.