Mtawanyiko wa Amonia Iliyovuja

Mtawanyiko, kwa maana iliyokusudiwa hapa, ni mwendo wa gesi iliyotoka chomboni ikachukuliwa na upepo, ikachanganyika na hewa na kupungua ukali kadiri iendavyo mbali. Nao si sawa na msambao, ambao ni kuenea kwa chembe zenyewe hata pasipo upepo. Yafaa tofauti hii ishikwe barabara kwa habari ya amonia, kipozeo cha viwanda vya barafu na maghala ya baridi, maana aghalabu watu husikia kwamba ni nyepesi kuliko hewa, wakadhani ikivuja itapaa na kwenda zake.

Hupaa, naam, ikiwa mvuke mtupu. Lakini mabombani nyingi yake ni kimiminika chini ya shinikizo, ambacho hewani huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Bomba likipasuka, baadhi hugeuka mvuke ghafula na baadhi hurushwa kwa matone madogo mno, yakaipoza hewa na kuugeuza unyevu wake ukungu, hata likafanyika wingu jeupe, zito, litambaalo chini. Huko Theodore, Alabama, nchini Marekani, tarehe 23 Agosti 2010, umeme uliokuwa umekatika uliporejea na mitambo kuwashwa upya, mvuke wa moto ulikutana na kimiminika baridi, na kishindo chake kikapasua bomba juu ya paa la ghala. Zikatoka zaidi ya tani 14, na wingu likawafikia vibarua waliokuwa kandokando ya mfereji, hata watu zaidi ya 150 wakadhurika. Mafundi walishughulika kufunga vali ilhali mtambo ungali unakwenda, na uvujaji ukachukua saa nyingi kukoma. Kumbe la kwanza ni kubonyeza swichi ya dharura, pampu zisimame.

Baada ya hapo maji ndiyo msaada mkubwa, kwani amonia huyeyuka majini kwa pupa: wingu hunyunyiziwa manyunyu mfano wa pazia, upande uendako upepo. Lakini dimbwi la amonia lisimwagiwe maji kamwe, kwa kuwa maji huliongezea joto likachemka zaidi. Na maji yaliyokwisha kuinywa yazuiwe yasifike mtoni, maana huua samaki.

Nawe msomaji, ukilinusa wingu hilo, usikimbie mbele yake: kata upepo kwa ubavu, kisha ushike upande wa joshini, yaani unakotoka upepo.