Leni Riefenstahl

Leni Riefenstahl (jina kamili: Helene Bertha Amalie Riefenstahl, Berlin, 22 Agosti 1902 – Pöcking, Bavaria, 8 Septemba 2003) alikuwa mcheza dansi, mwigizaji, mwongozaji wa filamu na mpiga picha kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa filamu mbili: Triumph des Willens (maana yake "Ushindi wa Nia", 1935), kuhusu mkutano mkuu wa chama cha Nazi, na Olympia (1938), kuhusu Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936.

Alikuwa kati ya wanawake wachache wa zama zake walioongoza filamu kubwa, na mbinu zake za kupiga picha na kuhariri zinafundishwa hadi leo. Hata hivyo filamu hizo zilitumika kumtukuza Adolf Hitler na utawala uliofanya mauaji ya halaiki. Tangu mwaka 1945 hadi kifo chake, Riefenstahl alishikilia kwamba alikuwa msanii tu na hakuhusika na siasa. Nyaraka zilizopatikana baadaye zinapinga maelezo yake mengi.

Baada ya vita alifanya sehemu kubwa ya kazi zake Afrika, hasa nchini Sudan na Kenya.

Maisha ya awali

Riefenstahl alizaliwa katika mtaa wa Wedding, jijini Berlin. Baba yake, Alfred, alikuwa na kampuni ya kufunga mitambo ya kupasha joto na kupitisha hewa majumbani. Alitaka binti yake aingie katika biashara hiyo, lakini mama yake, Bertha, alimsaidia kujifunza dansi kwa siri. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Heinz, ambaye aliuawa vitani mwaka 1944.

Mwaka 1923 alianza kucheza dansi peke yake jukwaani mjini Munich, kisha katika miji mingine ya Ulaya. Kazi hiyo haikudumu, kwa sababu aliumia goti. Akiwa bado anauguza goti hilo, aliona filamu ya milimani ya mwongozaji Arnold Fanck. Ilimvutia sana, akamtafuta Fanck na kuomba kuigiza katika filamu zake.

Uigizaji

Fanck alikuwa bingwa wa filamu za milimani, aina iliyopendwa sana Ujerumani wakati huo. Filamu hizo zilipigwa katika milima yenyewe, kwenye theluji na majabali, si ndani ya studio. Riefenstahl alijifunza kupanda milima na kuteleza kwenye theluji, na mara nyingi alicheza mwenyewe sehemu za hatari.

Filamu yake ya kwanza kama nyota ilikuwa Der heilige Berg ("Mlima Mtakatifu", 1926). Baadaye aliigiza katika Die weiße Hölle vom Piz Palü ("Jehanamu Nyeupe ya Piz Palü", 1929), ambayo Fanck aliiongoza pamoja na G. W. Pabst, na katika S.O.S. Eisberg (1933), iliyopigwa Greenland. Katika miaka hiyo hakuishia kuigiza. Alijifunza kwa Fanck na wapiga picha wake namna ya kuchagua lenzi, kutumia mwanga na kuunganisha vipande vya filamu.

Kuwa mwongozaji

Mwaka 1932 aliongoza filamu yake ya kwanza, Das blaue Licht ("Mwanga wa Buluu"), ambayo pia aliigiza kama mhusika mkuu. Inasimulia habari za Junta, msichana wa milimani anayedhaniwa na wanakijiji kuwa mchawi kwa sababu yeye peke yake anaweza kufika kwenye pango la fuwele linalong'aa usiku wa mbalamwezi. Wanakijiji wanapoijua njia wanazichukua fuwele zote, na Junta anaanguka na kufa.

Hadithi ya filamu iliandikwa pamoja na Béla Balázs, mwandishi kutoka Hungaria, na fedha zilitolewa kwa sehemu na Harry Sokal. Wote wawili walikuwa wa asili ya Kiyahudi. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Balázs alikuwa nje ya nchi na bado anadai malipo yake. Riefenstahl alimkabidhi madai hayo Julius Streicher, mmoja wa wachochezi wakubwa wa chuki dhidi ya Wayahudi, amshughulikie. Filamu ilipotolewa upya mwaka 1938, majina ya Balázs na Sokal hayakuwemo tena.

Filamu kwa ajili ya utawala wa Nazi

Mapema mwaka 1932 Riefenstahl alimsikia Hitler akihutubia mjini Berlin. Alimwandikia barua, nao wakakutana mwaka huohuo, kabla Hitler hajawa chansela. Hakujiunga na chama cha Nazi, lakini alipata jambo ambalo waongozaji wengi hawakulipata: njia ya kumfikia Hitler moja kwa moja.

Filamu ya kwanza aliyoagizwa, Der Sieg des Glaubens ("Ushindi wa Imani", 1933), ilihusu mkutano wa chama mjini Nuremberg. Iliondolewa haraka baada ya Hitler kuamuru kuuawa kwa Ernst Röhm mwaka 1934, kwa kuwa Röhm alionekana humo akiwa kando ya kiongozi wake.

Mkutano wa Septemba 1934 ndio uliozaa Triumph des Willens. Riefenstahl alipewa kikosi cha watu wapatao 170. Kamera ziliwekwa kwenye reli, kwenye magari, na hata kwenye lifti ndogo iliyofungwa kwenye mlingoti wa bendera. Filamu inaanza na ndege ya Hitler ikitoka mawinguni na kushuka juu ya mji, kana kwamba mwokozi anakuja kutoka mbinguni. Hakuna msimulizi: picha, muziki na hotuba zinatosha kumwelekeza mtazamaji. Filamu ilituzwa Ujerumani, katika tamasha la Venice mwaka 1935 na katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1937.

Riefenstahl alijitetea kwamba alirekodi tu yaliyotokea. Lakini katika filamu hotuba zimekatwa na kupangwa upya, nyuso zimechaguliwa, na umati wa watu umegeuzwa kuwa mistari na maumbo yasiyo na sauti ya mtu mmojammoja. Kwa sababu hiyo filamu hiyo hutolewa kama mfano mashuhuri wa propaganda, na nchini Ujerumani huonyeshwa pamoja na maelezo ya kielimu.

Olympia

Olympia ilizinduliwa tarehe 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa ya Hitler. Ina sehemu mbili. Ili kuipiga, mashimo yalichimbwa kando ya njia za wanariadha ili kamera ziwatazame kutoka chini, kamera nyingine zilikimbia kwenye reli, na nyingine zilitumika chini ya maji katika bwawa la kuogelea. Uhariri peke yake ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Matangazo ya michezo ya leo bado yanatumia mbinu nyingi za aina hiyo.

Mwanariadha Mweusi kutoka Marekani, Jesse Owens, aliyeshinda medali 4 za dhahabu, anaonekana katika filamu kwa heshima kubwa. Watetezi wa Riefenstahl huutaja ukweli huo mara nyingi. Hata hivyo, fedha za filamu zilitoka serikalini kupitia kampuni iliyoanzishwa ili kuficha mkono wa Wizara ya Propaganda, na Olimpiki yenyewe ilitumiwa kuionyesha dunia sura ya Ujerumani yenye amani.

Novemba 1938 Riefenstahl alikuwa Marekani kuitangaza Olympia. Siku hizohizo masinagogi yalichomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa kote Ujerumani. Watu wengi wa Hollywood walikataa kumpokea. Walt Disney alikuwa mmoja wa wachache waliokubali.

Vita na filamu ya Tiefland

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Riefenstahl alikwenda Poland na kikosi cha wapiga picha. Tarehe 12 Septemba, katika mji wa Końskie, wanajeshi wa Ujerumani waliwaua raia wa Kiyahudi. Ipo picha inayomwonyesha akiwa na uso wa mshtuko mkubwa siku hiyo. Aliacha kazi ya kurekodi mapigano, lakini wiki chache baadaye alipiga picha za gwaride la ushindi la Hitler mjini Warsaw.

Kuanzia mwaka 1940 aliongoza filamu ya Tiefland ("Nyanda za Chini"), iliyotokana na opera ya Eugen d'Albert, ambamo aliigiza mwenyewe kama mcheza dansi wa Kihispania. Ili kupata watu wanaofanana na Wahispania, kikosi chake kilichukua Waroma na Wasinti zaidi ya 100, wakiwemo watoto, kutoka kambi za Maxglan karibu na Salzburg na Marzahn jijini Berlin. Walirudishwa kambini kazi ilipokwisha. Wengi wao walipelekwa baadaye Auschwitz na kuuawa.

Riefenstahl alidai kwa miaka mingi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepatwa na madhara na kwamba alikutana nao tena baada ya vita. Mwaka 2002, akiwa anakaribia umri wa miaka 100, chama cha Waroma cha mjini Köln kilimpeleka mbele ya sheria, naye akalazimika kuacha kurudia madai hayo.

Baada ya vita

Mwaka 1945 alikamatwa na Wamarekani, kisha akashikiliwa na Wafaransa. Alipitia mashauri kadhaa mbele ya mabaraza yaliyochunguza wafuasi wa Nazi. Mwishowe aliwekwa katika kundi la "wafuata mkumbo": watu walioufuata utawala huo bila kuhesabiwa miongoni mwa wahalifu wake. Hakufungwa jela, lakini wafadhili wa filamu walimkimbia. Tiefland ilitolewa mwaka 1954, na ndiyo ilikuwa filamu yake ya mwisho ya kuigiza.

Afrika

Katikati ya miaka ya 1950 alisoma kitabu cha Ernest Hemingway kuhusu uwindaji Afrika Mashariki, akavutiwa na bara hilo. Mwaka 1956 alifika Kenya kuandaa filamu ya Schwarze Fracht ("Shehena Nyeusi"), iliyokusudiwa kuhusu biashara ya watumwa. Gari lake lilipinduka kaskazini mwa nchi, akalazwa Nairobi akiwa na majeraha makubwa. Filamu hiyo haikukamilika: vifaa vilichelewa kwa sababu ya mgogoro wa Mfereji wa Suez, na fedha zikaisha.

Alivutiwa pia na picha ya wapiganaji mieleka wa Kinuba iliyopigwa na Mwingereza George Rodger mwaka 1949. Rodger ndiye aliyepiga picha za maiti katika kambi ya Bergen-Belsen ilipokombolewa mwaka 1945, na baada ya hapo akaachana na picha za vita.

Mwaka 1962 Riefenstahl alifika kwa mara ya kwanza katika Milima ya Nuba, Kordofan, akarudi mara nyingi hadi miaka ya 1970. Kuanzia mwaka 1968 aliambatana na mpiga picha Horst Kettner, aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka 40, ambaye akawa mwenzi wake hadi mwisho wa maisha. Vitabu vyake Die Nuba (1973) na Die Nuba von Kau (1976) vilisifiwa duniani kwa uzuri wa picha zake. Nchini Kenya alipiga picha za Wamasai.

Mwaka 1975 mwandishi wa Marekani Susan Sontag alichapisha insha iliyodai kwamba picha za Wanuba zinaendeleza mtazamo uleule wa filamu za miaka ya 1930: kutukuza mwili wenye nguvu, ujana na mapambano, na kutowapa nafasi wazee, wagonjwa na wadhaifu. Mwanaanthropolojia James Faris, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanuba wa kusini-mashariki, naye alikosoa namna alivyowaeleza. Kwa msomaji wa Afrika lipo swali jingine: Wanuba katika vitabu hivyo wanaonekana kama watu wasio na historia, ilhali walikuwa raia wa Sudan huru, wenye kodi, shule, dini na siasa zao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifika katika milima yao katika miaka ya 1980.

Mwaka 2000 alirudi Sudan kuwatafuta rafiki zake wa zamani. Helikopta yake ilianguka, naye akanusurika akiwa na umri wa miaka 97.

Upigaji picha chini ya maji

Akiwa na zaidi ya miaka 70 alijifunza kupiga mbizi katika pwani ya Kenya, kaskazini mwa Mombasa. Ili akubaliwe kufanya mtihani alijipunguzia umri kwa miaka 20. Kutokana na kazi hiyo alitoa vitabu Korallengärten (1978) na Wunder unter Wasser (1990). Filamu yake ya mwisho, Impressionen unter Wasser ("Taswira Chini ya Maji"), ilionyeshwa Agosti 2002, alipokuwa karibu kutimiza miaka 100.

Kifo na urithi

Riefenstahl alifariki nyumbani kwake Pöcking tarehe 8 Septemba 2003. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1987. Kettner alipofariki mwaka 2016, picha, barua na kanda zake zilibaki, na mwaka 2018 zilikabidhiwa taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin. Mwongozaji Andres Veiel alizitumia katika filamu ya hali halisi Riefenstahl, iliyoonyeshwa mwaka 2024 katika tamasha la Venice, lilelile lililomtuza Riefenstahl katika miaka ya 1930.

Katika vyuo vya filamu kazi zake hutazamwa kwa sababu mbili: kujifunza jinsi kamera na uhariri vinavyoweza kuufanya mwendo wa mwili wa binadamu upendeze, na kujifunza jinsi uzuri huohuo unavyoweza kumzuia mtazamaji asiulize nani anatukuzwa na nani ameachwa nje ya picha.

Filamu alizoongoza

Das blaue Licht (1932)
Der Sieg des Glaubens (1933)
Triumph des Willens (1935)
Tag der Freiheit (1935)
Olympia (1938)
Tiefland (ilipigwa 1940–1944, ikatolewa 1954)
Impressionen unter Wasser (2002)