Mapendo Yasiyokimbia: Baraka na Fizi, 1964

Katika siku hizi za jubilei twakiri mara nyingi ya kwamba Mungu ni mapendo. Tulilipokea neno hilo tungali watoto wa katekisimu. Basi yatupasa kuuliza: mapendo hayo yajulikana kwa alama gani? Imani yatujibu: Mungu hakungoja tumpende kwanza. Alimtuma Mwanawe akae kati yetu, naye hakutuacha hata msalabani. Habari za nchi yetu zatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Mwezi wa Novemba 1964 waasi wa Simba walikuwa wameshika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, na hasira juu ya wageni ikazidi. Kando ya Ziwa Tanganyika, wamisionari Waxaveri walikuwa wamebaki pamoja na wakristu wao.

Tarehe 28 Frère Vittorio Faccin alipigwa risasi katika misioni ya Baraka. Padri Luigi Carrara alikuwa akisikiliza maungamo. Akatoka, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa palepale. Siku ileile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Watatu walikuwa Waitalia. Abbé Joubert alikuwa mzaliwa wa nchi hii, aliyezaliwa mwaka 1908 na mama Mkongo. Baba yake, Kapiteni Joubert, Mfaransa, aliwahi kuwakinga watu wa ziwa na wafanya biashara ya watumwa.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, mjumbe wa Papa Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Tutazame sana jambo moja. Padri Carrara alitoka mahali alipokuwa akigawa msamaha wa Mungu, akaenda kupiga magoti penye damu. Kwa kutoka hivyo hakuiacha kazi yake, bali aliitimiza. Mapendo ya Mungu ni hayo: hukaa karibu na mwenye kuteswa, wala hayakimbii.

Lakini liko neno lililo gumu zaidi. Wale walioua nao walikuwa wana wa nchi hii, na Kristu aliwafia hao pia. Tukiwaheshimu wafiadini na kuwachukia watoto wa wauaji, tumeshika nusu tu ya Injili. Tangu mwaka 1996 vita vimepita tena na tena katika Kivu yetu, na katika vijiji vingi majirani hawaingiliani nyumbani.

Kwa hiyo, tukisha kumaliza nyimbo na karamu ya jubilei, kila jamaa ijiulize: ni mlango gani ambao hatujaubisha tangu siku za vita? Tuanzie hapo.