Matone Mawili na Imani ya Watu: Kisa cha Kano

Ndugu msomaji, mwezi huu tunafunga na ulimi pia, si tumbo peke yake. Basi tukumbuke kisa kimoja cha maneno, ya kweli na ya uvumi, na watoto waliolipa gharama yake.

Mwaka 2003, majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, ambako Waislamu ni wengi, yalisimamisha chanjo ya polio. Kano ilikaa karibu mwaka mzima. Watu waliambiwa eti matone yale yanafanya wasichana wawe tasa, eti yana virusi vya UKIMWI.

Ni rahisi kusema watu wa Kano walikuwa wajinga. La hasha! Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa kwa watoto 200 hapo hapo Kano; nusu walipewa dawa mpya, nusu ya zamani. Watoto 11 walifariki. Wazazi walidai hawakuelezwa kwamba hayo ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na serikali ya Kano. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wataalamu walipojibu kwamba chanjo ni salama, walikuwa wakisema kweli. Lakini ukweli ulifika kama amri. Mama alijiuliza: mtoto wangu ana malaria, dawa nanunua kwa pesa zangu, mbona hawa wanabisha mlangoni kwangu tena na tena na chanjo ya bure ya ugonjwa nisiouona? Swali hilo lina jibu. Virusi vya polio hupita katika choo na maji machafu, na katika watoto 200 walioambukizwa, kama mmoja tu ndiye hupooza. Wengine hawaonyeshi dalili hiyo, lakini wanaambukiza. Ndiyo maana lazima wachanjwe wote. Jibu hilo lilitaka mtu wa kukaa chini na kulieleza kwa Kihausa, kwa upole.

Huku watu wakibishana, virusi vilisafiri. Vilifika Sudan, na mwaka 2005 vikafika Yemen na Indonesia. Mwaka 2006 polio ilionekana hapa kwetu, katika kambi za Dadaab, ikitokea upande wa Somalia.

Kano ilikubali tena mwaka 2004. Ni nini kilichobadilika? Chanjo ilipimwa na watu ambao wananchi waliwaamini, na ikaletwa ile iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Baadaye masultani na maamiri, akiwemo Sultani wa Sokoto, walisimama nayo hadharani. Waliopooza kwa polio nao walizunguka nyumba kwa nyumba wakizungumza na wazazi. Tarehe 25 Agosti 2020, Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili. Iliyobaki ni ile inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, ambayo huenea pale watoto wengi hawajachanjwa. Hili nalo mtaalamu alieleze wazi, asisubiri uvumi umtangulie.

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo inamhusu anayesambaza ujumbe wa simu bila kuuliza. Na wewe kijana unayesomea udaktari, uuguzi au uandishi wa habari, umma wako unakungoja. Nenda msikitini, kaa barazani, sikiza kwanza hofu ya mama, kisha eleza unachokijua, hata kile kisichopendeza. Imani ya watu haiagizwi kwa barua ya serikali.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na awahifadhi watoto wetu. Amin.