Mtunzi Tusiyemwita: Abdullah Ibrahim na Filamu za Afrika

Ukitaja jazz hapa Kurui, wazee hukumbuka magitaa: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Piano haikuwa msingi wa bendi zetu. Cape Town hali ilikuwa nyingine. Abdullah Ibrahim, aliyezaliwa huko mwaka 1934, alianza piano utotoni. Mwaka 1960 kundi lake la Jazz Epistles lilitoa albamu, na mwaka 1962 akaondoka kwenda Zurich, ambako Duke Ellington alimsikia.

Wengi humjua kwa "Mannenberg" ya mwaka 1974. Mimi huvutiwa zaidi na kazi yake ya filamu: Chocolat ya Mfaransa Claire Denis (1988), kisha Tilaï ya Idrissa Ouedraogo wa Burkina Faso, iliyotunukiwa Grand Prix huko Cannes mwaka 1990. Hadithi ni ya kijiji cha Wamossi; muziki ni wa mtu wa Cape Town aliyekuwa bado uhamishoni.

Sisi tuliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, na hilo ni jambo la heshima. Kampuni ya Filamu Tanzania nayo ilikuwapo tangu mwaka 1968. Basi kwa nini Mwafrika aliyemkabidhi mtunzi huyu filamu yake atoke Burkina Faso, na si Dar es Salaam?