Puffing Billy: Kongwe la Reli Kutoka Wylam

Katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London imesimama injini ya garimoshi iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Puffing Billy iliundwa kati ya 1813 na 1814 kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Wylam, karibu na Newcastle, ikafanya kazi hapo hadi 1862.

Shida ndiyo iliyoizaa. Vita dhidi ya Napoleon vilipandisha bei ya farasi na malisho, na Christopher Blackett, mwenye machimbo, alikuwa na makaa ya kufikisha gati la Lemington, mtoni Tyne, kiasi cha kilomita 8. Mwaka 1805 aliundiwa injini kwa mchoro wa Richard Trevithick, ikawa nzito mno kwa reli zake za mbao. Akatandika za chuma, kisha akamkabidhi kazi msimamizi wake, William Hedley, pamoja na fundi mitambo Jonathan Forster na mhunzi Timothy Hackworth.

Wengi waliamini gurudumu laini lingeteleza tu juu ya reli laini. Kule Leeds walikwisha kuweka reli ya meno. Hedley hakubishana. Alitengeneza kigari, akakipakia uzito, akawapanga watu wazungushe magurudumu yake kwa mikono huku kikivuta mabehewa. Akawa anabadilisha uzito na idadi ya mabehewa, akitazama magurudumu yanaanza kuteleza wapi, hadi akaridhika kwamba uzito wa injini peke yake unatosha kushika reli.

Silinda zake mbili zimesimama wima ubavuni mwa boila. Pistoni huinua mihimili iliyo juu, mihimili ikazungusha gia zilizo chini, na gia zikaendesha magurudumu. Mlango wa moto na dohani viko upande mmoja, hivyo mtia makaa alikaa ncha hii na dereva ncha ile. Mvuke uliokwisha kutumika ulitokea dohani kwa kishindo, na kuhema huko ndiko kulikoipa jina.

Tani zake 8 zilivunja reli. Karibu 1815 ikapewa magurudumu 8 ili uzito usambae. Karibu 1830, reli imara zilipotandikwa, ikarudishiwa 4. Ndugu yake, injini ya Wylam Dilly, aliyeko sasa Edinburgh, alihangaika zaidi: wapiga makasia wa mashua za makaa walipogoma mwaka 1822, alipandishwa juu ya mashua akaendeshe magurudumu ya makasia.

Mwaka 1862 familia ya Blackett iliiazima Puffing Billy kwa jumba la makumbusho la Ofisi ya Hataza, kisha ikaiuza kwa pauni 200. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana ipi ilitangulia, Billy au Dilly. Mwaka 2008 injini hizo zilichunguzwa kiungo kwa kiungo, ikaonekana Dilly ina maboresho yaliyotokana na majaribio ya mwenzake. Billy ndiye mkubwa.