Kibao cha Kiunoni: Daraja za Watu katika Korea ya Kale

Mwaka 1413 Mfalme Taejong wa Korea aliamuru kila mwanamume aliyetimiza umri wa miaka 16 achukue kibao kidogo kiitwacho hopae, ili asipatikane mtu wa kukwepa kodi, shokoa au uaskari. Kibao cha wakubwa kilikuwa cha pembe ya ndovu. Cha raia wa kawaida kilikuwa cha mti. Maandishi yake ndiyo yastahiliyo kuangaliwa zaidi. Kibao cha mkubwa kilitaja cheo na jina, wala hakikuugusa mwili wake. Cha raia kilieleza makazi yake, rangi ya uso wake, na kama ana ndevu au hana. Cha mtumwa kilimtaja bwana wake, kisha umri, makazi, rangi ya uso, kimo na ndevu. Kadiri mtu alivyoshuka daraja, ndivyo mwili wake ulivyozidi kuandikwa. Watu walikichukia, na amri ikafutwa mwaka 1416, ikarudishwa na kuachwa tena mara kadhaa.

Juu ya wote walikaa yangban. Mfasiri hushawishika kuwaita waungwana, walakini neno hilo kwetu lilimtosha kila asiye mtumwa, hali yangban, yaani safu mbili, za maofisa wa kalamu na wa silaha, walikuwa wachache. Cheo chao kilionekana kichwani kabla hawajafumbua kinywa: walivaa gat, kofia nyeusi ya singa za farasi na mwanzi. Baekjeong, wachinjaji wa ng'ombe, walikatazwa kuivaa, na mzee wao alilazimika kumsemesha hata mtoto wa mkulima kwa lugha ya heshima.

Naam, ngazi hiyo haikuwa imara kama ilivyojidai. Vita vya Wajapani vya miaka ya 1592 hadi 1598 vilipoikausha hazina, serikali yenyewe iliuza hati za vyeo zilizoachwa wazi mahali pa jina. Baadaye wenye fedha walinunua nafasi katika vitabu vya nasaba, wakajipatia mababu. Mwaka 1801 daftari za watumwa wa serikali, zaidi ya 66,000, zilichomwa moto. Mwaka 1894 daraja zote zikafutwa kisheria.

Sheria ilifuta daraja. Macho ya watu hayakufuta. Baekjeong mwenye mali aliweza kumpeleka mwanawe shule na bado akakataliwa. Ndipo Aprili 1923, katika mji wa Jinju, walipounda chama, Hyeongpyeongsa, jina litokalo katika mizani, chombo cha kazi yao wenyewe. Wakulima wengine waliwashambulia kwa kudai usawa huo.

Leo takriban Mkorea mmoja katika kila watano huitwa Kim, na karibu kila ukoo una kitabu chake cha nasaba. Wazao wa watumwa na wa wachinjaji wamo humo pamoja na wazao wa mawaziri, na hapana tena awezaye kuwanyoshea kidole.